Kope za Uzitoni

Kaeni mkao wa kulala, na anayesinzia mwacheni asinzie, kwa sababu habari hii inafaa kusikilizwa nusu macho nusu usingizini. Ni habari ya Kazija binti Khatibu, mwanamke wa Mawandani, aliyekwenda Uzitoni kumrudisha mdogo wake, Faki. Safari yenyewe siwezi kuwasimulia, na Kazija mwenyewe hakuweza. Alisema tu kwamba mtu haendi Uzitoni moja kwa moja. Anazunguka, anazunguka tena, kila mzunguko mdogo kuliko uliopita, na jinsi anavyokaribia ndivyo miguu inavyokwenda mbio bila kuamrishwa, mpaka anaingia kwa kishindo, anahema. Hakuna aliyewahi kuingia nchi ile akitembea.

Mawandani mnaijua, au mnaijua nchi iliyo mfano wake. Ni pana hata majirani wa shamba kwa shamba husalimiana kwa moshi. Kila kitu huko ni chepesi, nyumba nyepesi, maneno mepesi, na watu wepesi kuliko vyote. Upande mmoja wa nchi umechongoka kwa kuvutwa na Uzitoni, kama kanga iliyoshikwa pindo, na kwenye ncha hiyo mchana kutwa hutoka ukungu, makapi ya mpunga, mbegu, majani ya paa, na watu. Zamani walipotoka wachache, wenyeji waliona ni msiba. Walipotoka wengi, wakaona ni desturi, na wakazoea kusema fulani yuko Uzitoni kwa sauti ileile ya kusema fulani yuko dukani.

Katika nyumba ya Kazija aliyetangulia kutoka ni baba yao, Mzee Khatibu, wakati Faki bado ananyonya. Kisha Faki akakua, akawa kijana mwenye ndevu, naye akatoka. Siku hiyo mama yao hakulia. Alimwita Kazija jikoni akamwambia kwamba kwa mume alingoja, na kungoja kwenyewe kumemtosha, kwa mtoto hatangoja. Aende akamlete kabla hajakaa.

Neno hilo la kukaa watu wote wa Mawandani walilijua. Kila anayeingia Uzitoni huwa mgeni mpaka Mwako unaofuata. Mwako huja unapokuja, na ukija huiangaza nchi nzima. Aliyeupita Mwako mmoja akala kiapo cha nchi, huyo amekaa, na aliyekaa harudi kwao. Kwa hiyo Kazija alikuwa na jambo moja tu la kufanya, nalo ni kumtoa Faki kabla hajala kiapo.

Uzitoni ni nchi ndogo, haizidi mji na viunga vyake, lakini inazunguka kwa kasi isiyosemeka. Jua huchomoza na kutua kwa haraka ya mtu anayepepesa macho, hata mchana na usiku vimechanganyika vikawa rangi moja ya chai ya maziwa, na katika rangi hiyo watu hupita polepole bila vivuli. Wameacha zamani kuulizana habari za asubuhi, maana kabla hujajibu imeshakuwa jioni. Wanaokutana njiani, mmoja huuliza, "Bado?" na mwenzake humjibu, "Bado," wakapishana. Kazija alidhani wanaulizana kuhusu chakula. Baadaye akafahamu kwamba wanaulizana kuhusu Mwako.

Na uzito, jamani. Kila kitu kule kina uzito ambao sisi hatujauota. Chozi likidondoka hutoboa sakafu, ndiyo maana kulia kumepigwa marufuku majumbani. Mwenye lake la kulilia hutengewa kiwanja nje ya mji, na kiwanja chenyewe kina mashimo kama chekeche. Ahadi haibebwi na mtu mmoja, hivyo bwana anayeposa huja na kaka zake wamsaidie kuishika. Wanao mlima wanaousifu katika nyimbo zao za taifa. Kimo chake ni kama ukucha wa kidole gumba. Vijana wenye vifua huupanda kwa kamba, na wapo waliofia njiani na kuzikwa kishujaa.

Chini kulikuwa na uvuguvugu, na palibonyea kidogo, kama godoro ambalo mtu ametoka kuliinukia sasa hivi. Kazija alivua viatu akavivaa tena. Aliulizia watu wa kwao walioingia miaka iliyopita, akataja majina, akamtaja na Mzee Khatibu. Kila aliyeulizwa alijibu kwa upole, tena kwa namna ya kumpongeza, "Amekaa." Alipouliza amekaa mtaa gani, walimtazama kama mtu aliyeuliza jambo la chumbani mbele ya wakwe.

Kazija alimkuta Faki kwenye uwanja mpana, yeye na wenzake wamejipanga safu, wanakanyaga kwa pamoja, ndii, ndii, ndii. Kazi hiyo kule huitwa kushindilia. Nchi haitaki kitu kilichoinuka, na wageni wanapoingia na vitu vyao panatokea kivimbe, basi washindiliaji hupelekwa wakakisawazishe. Ni kazi ya heshima, hupewa wageni vijana, na wengi huililia.

Faki alipomwona dada yake alitoka mbio kwenye safu, akamshika mikono yote miwili, na uso wake ukachanua. Alikuwa amenenepa, si kwa nyama, bali kwa namna ya kusimama. Kazija alimwona mrefu kuliko alivyomwacha. Wakaulizana ya nyumbani, Mama, mbuzi, jirani yao Mize aliyekuwa akicheka mpaka paa linatikisika. Kisha Kazija akamweleza kilichomleta, na uso wa Faki ukafunga.

"Dada, sikiliza kwanza," alisema, akakanyaga mara moja. Ndii. "Umesikia? Huo ni mguu wangu."

Akakanyaga tena, kisha akaendelea.

"Nyumbani nilikuwa nikiketi kwenye mkeka, mkeka haujui kama umekaliwa. Nikizungumza kwenye harusi, watu wananipita kichwani kama upepo umepiga dirisha. Huku nikisema neno linashuka, linatulia mahali pake, mtu analizunguka asilikanyage. Sasa unataka nirudi nikawe nini?"

"Ukawe mtoto wa Mama."

Faki, mwanamume mzima, alitazama miguu yake, na Kazija akaona kwamba neno limemwingia, ila halijui litatokea wapi. Alimlea kijana huyu mgongoni, na sasa alikuwa akimbembeleza aache kitu cha kwanza maishani mwake kilichomfanya ajione ni mtu. Mwishoni Faki alikubali shingo upande kwamba ikiwezekana kuondoka, wataondoka pamoja. Akarudi kwenye safu yake.

Lakini kuondoka kunawezekanaje mahali ambapo hata moshi haupandi? Kwa hilo Kazija alielekezwa Afisi ya Kope, kwa Bwana Makini, mkuu wa afisi hiyo, mzee mpole wa maneno machache, mwenye kope nene kuliko za mtu yeyote aliyepata kumwona. Zilikuwa nene kama maganda ya chungwa, zinang'aa mafuta. Bwana Makini alimkaribisha, akamweleza sheria ya nchi kwa fahari ya mtu anayemwonyesha mgeni bustani yake.

Sheria ya Kope inasema hivi: Mwako unapowaka, kila aliye Uzitoni, mwenyeji au mgeni, afumbe macho. Mwako ukitulia, maafisa hupita kwa kila mtu wakamwuliza ameona nini, naye hujibu, "Sikuona." Hicho ndicho kiapo cha nchi, hakina neno la zaidi. Wakati huo tabaka lote la juu la nchi huwa limenyanyuka kwa nguvu ya Mwako na kuelea, na watu juu yake hawana uzito hata kidogo. Anayesema "Sikuona" afisa humshika mkono, na mkono wa afisa ni mzito, humteremsha pamoja na nchi inaporudi chini. Anayesema ameona haguswi. Huachwa apeperuke zake.

"Ni adhabu kali," alisema Bwana Makini, "lakini haijatumika siku nyingi. Watu wetu ni wazuri."

Kazija aliposikia hivyo moyo ulimruka kwa furaha, akajitahidi uso usimwumbue. Adhabu hiyo ndiyo njia ya nyumbani. Ilikuwa ni neno moja tu. Aseme yeye, aseme na Faki, wapeperuke wote wawili.

Basi wakawa wanangoja Mwako, na katika kungoja huko Kazija aliiona nchi. Aliona jinsi kope zinavyotukuzwa. Msichana akichumbiwa, wazee wa mume huja kumbinya kope na kutazamana kwa kuridhika. Ipo shule ya kufumba, na walimu wake hawakubaliani kama jicho la kulia litangulie au yote mawili yashuke pamoja. Waliotofautiana katika jambo hilo hawazikani. Wakubwa wa afisi huwekewa vijiwe juu ya kope walalapo, zipate kukomaa. Aliambiwa pia habari ya mwalimu mmoja aliyewahi kusimama mbele ya watu akasema kwamba nuru ya Mwako haizuiliki kwa kope, inapita katika nyama kama maji katika kitambaa, na mtu aliyefumba huona sawasawa na aliyefumbua. Waliuliza amejuaje. Mwalimu akafikiri, akaona kwamba akijibu kuwa ameona, amekwisha, akajibu kwamba aliambiwa na mtu ambaye sasa ni marehemu. Wakampa pole ya msiba, na maneno yakaishia hapo.

Alialikwa pia barazani, kwa kuwa kule hupenda mgeni mmoja wa kupamba mkutano. Hoja ya siku hiyo ilikuwa kwa nini nchi inazidi kwenda kasi mwaka hadi mwaka, jambo ambalo wote walilifurahia. Kundi moja lilisema kasi hiyo imo katika damu, ni ya wahenga waliojikusanya pamoja wakati nchi kubwa ya kale ilipoporomoka. Kundi la pili lilisema hapana, ni matunda ya uongozi bora. Walibishana kwa adabu, kwa sauti za chini, kila neno likidondoka mezani kama jiwe la kusagia, na watumishi wakiyaokota na kuyapanga ukutani. Hatimaye wakamwomba mgeni naye aseme lolote.

Kazija, ambaye kwao hakuwa mtu wa mikutano, alisema alichokiona yeye mwenyewe. Kila anayetoka Mawandani huingia huku akikimbia, na hukanyaga kwa upande ule ule ambao nchi inazunguka, kwa hiyo kila mguu unaoingia unaisukuma kidogo. Kama nchi inakwenda kasi, ni kwa miguu ya watu wa kwao.

Jua lilichomoza na kutua wanabaraza wasijue la kufanya. Ndipo mwenyekiti akamshukuru, akatangaza kwamba mgeni ametoa salamu za nchi yake, na salamu zimepokelewa. Wakarudi kwenye damu na uongozi.

Mwako ulikuja wakati watu wamo katika shughuli zao. Kazija alikuwa uwanjani, amesimama kando ya Faki, maana tangu siku ile hakumwachia hatua tatu. Mtu mmoja akamwuliza mwenzake, "Bado?" na yule hakujibu. Uvuguvugu wa chini uligeuka joto. Mbali, kwenye pembe moja ya nchi, palitokea doa la nuru, likaanza kukimbia, na kwa kuwa nchi ilikuwa inazunguka nalo, likawa linapita mbele yao na kupotea, linapita na kupotea, kila mara kubwa zaidi, hadi likawa halipotei tena. Tarumbeta ya Afisi ya Kope ikalia mara moja. Uwanja mzima ukafumba macho, na Faki akafumba, na Kazija, ambaye alikuwa ameazimia kuyaacha wazi, akajikuta ameyafumba kwa hofu.

Haikusaidia kitu. Nuru ilipita katika kope zake kana kwamba hazipo, ikapita katika mkono aliouweka usoni, akaiona mifupa ya vidole vyake imepangika vizuri. Akawaona watu wa uwanja mzima, mifupa myeupe iliyosimama wima kwa adabu, kila fuvu limeinamisha uso. Hakukuwa na kelele. Ilikuwa kama kumtazama mtu amelala. Kisha akatazama chini, na nuru ikampitisha chini pia.

Ardhi ya Uzitoni ilikuwa watu. Hapakuwa na udongo hata chembe. Waliolala karibu na nyayo zake alitambua ni wageni wa majuzi, waliokaa Mwako uliopita na kushindiliwa, bado wana vifurushi vyao mikononi. Chini yao wengine, na chini yao wengine, tabaka juu ya tabaka, kila mmoja akiwa amelaliwa na aliyekuja baada yake, na jinsi walivyozidi kwenda chini ndivyo walivyozidi kuwa wembamba, wamebanana, kope zao zimefumbwa. Hawakuwa na uchungu nyusoni. Walikuwa na uvumilivu, kama abiria waliokwisha lipa. Na chini kabisa, pale ambapo watu walikuwa wamebanwa hata hawatofautishiki, ndipo moto ulipokuwa unatoka. Nuru yote ile ilikuwa ni wao.

Kwao Mawandani Mwako hauonekani. Huja tu joto kwenye shavu moja, la upande wa Uzitoni, na watu huligusa shavu wakasema jamaa wametukumbuka. Kazija aliyakumbuka hayo akiwa amesimama pale.

Hapo ndipo alipomwona baba yake. Alikuwa karibu na moto, katika tabaka la mwisho lililobakiwa na umbo, amelala ubavu, mkono chini ya shavu. Kazija hangemjua kwa uso, kwa sababu uso haukuwapo. Alimjua kwa mkono. Mzee Khatibu alikatwa kidole cha shahada na shoka akichanja kuni za harusi yake mwenyewe, na mama alikuwa akimtania kwamba alioa kwa damu. Kiganja kile kilikuwa na vidole vitatu na gumba. Kazija alijaribu kuita, "Baba," na sauti haikutoka. Faki, mifupa mitupu kando yake, alikuwa ametazama mahali hapohapo. Hakumjua baba yake kwa sura, lakini habari ya kidole ameisikia tangu utotoni. Kazija aliona mkono wa Faki ukiinuka, ukinyooka kuelekea chini, ukibaki hewani. Kisha moto ukapanda tabaka moja, na mahali pa baba yao pakawa nuru kama pengine popote.

Nchi ikanyanyuka. Tabaka la juu lote lilivimba polepole, kama maziwa yanapoumuka kwenye sufuria, uwanja na watu na mlima wao wa ukucha, likaelea. Nuru ikapungua ikawa ya kawaida, nyama zikarudi juu ya mifupa, watu wakafumbua macho wakakohoa kidogo na kurekebisha nguo. Uzito ulikuwa umekwisha kabisa. Kazija alijihisi kama alivyo kwao, na alifurahi hata katika huzuni ile. Alimshika Faki kwa ncha za vidole.

"Umemwona," alimwambia.

Faki alikuwa analia. Machozi yake hayakudondoka, yalimtoka yakaelea mbele ya uso wake, na yeye akiyatazama. Maafisa walikuwa wakipita upesi, kwa sababu nchi haielei muda mrefu, na kutoka kila upande lilisikika neno moja, likisemwa na wanaume na wanawake, na wazee, na kina mama wenye watoto, kwa sauti za kawaida kabisa. Sikuona. Sikuona. Sikuona. Bwana Makini mwenyewe ndiye aliyewafikia.

"Faki bin Khatibu," aliuliza, "umeona nini?"

"Sema," Kazija alimwambia. "Neno moja, Faki. Mama anangoja."

Faki alimgeukia. Alitazama chini palipokuwa pakishuka na kupoa, akatazama juu palipokuwa patupu, pana, bila kitu cha kuwekea mguu. Na Kazija akaona, kabla hajafungua mdomo, kwamba amempoteza.

"Nikisema nimeona, Dada," alisema, "nitasimama juu ya nini?" Akamgeukia afisa. "Sikuona."

Mkono wa Bwana Makini ukamshika Faki kifundo cha mkono. Ulishuka tu, bila nguvu, na papo hapo miguu ya kijana ikapata uzito, akawa mtu wa pale. Kazija alibaki ameshika vidole vyake. Afisa akamwuliza naye ameona nini, tena kwa upole, na akamwongezea, jambo ambalo sheria haimruhusu, kwamba akiapa atapewa nafasi karibu na ndugu yake, wasitengane.

Sitawadanganya ninyi mnaosikiliza, Kazija alifikiria kuapa. Ndugu yake yule. Alimtazama, akautazama ule mkono mnene juu ya kifundo chake, na kwa muda mfupi kiapo kilimjia ulimini chenyewe.

"Nimeona," alisema. "Nimemwona baba yangu, Khatibu, mtu wa Mawandani, asiye na kidole cha shahada. Nimewaona waliolala juu yake, na waliolala juu yao. Nimeona ni kina nani tunaowakanyaga, na nimeona moto unakula nini."

Hakuna aliyekasirika. Watu waliokuwa karibu walitazama pembeni, kama mtu anapotokwa na upepo mkutanini. Bwana Makini alikuwa amefumba macho, zile kope nene zimeshuka zote mbili pamoja.

"Sema taratibu, bibi," alimnong'oneza. "Na mimi mama yangu yuko huko."

Kisha akaondoka kwenda kwa anayefuata. Nchi ikaanza kurudi chini, na vidole vya Faki vikateleza kutoka mikononi mwa Kazija, kimoja kimoja, maana yeye alikuwa anashuka na dada yake hakuwa akishuka. Faki alikuwa anamtazama wakati wote. Waligusa chini kwa pamoja, watu wote wale, na mtetemo wake ulimfikia Kazija huko juu alikokuwa. Hata hawajakaa sawa, akawaona wageni wapya wanaingia mbio kutoka upande wa kwao, na washindiliaji wanajipanga safu. Aliyekuwa wa kwanza kunyanyua mguu alikuwa Faki.

Kurudi kwake nako hakukumbuki. Alijikuta kwenye ua wa nyumba yao, mwepesi, vumbi la Mawandani halimshiki miguuni, na mama yake yuko jikoni anakoroga uji. Mama alimtazama, akatazama nyuma yake, akaona hakuna mtu. Akaendelea kukoroga.

"Umemwona?"

Kazija alikuwa amejiandaa kusema yote. Lakini mama yake alikuwa amekonda kwa siku hizo chache hata mwanga wa moto ulimpita begani, na alikuwa ameuliza swali hilo akiwa amempa mgongo.

"Nimemwona, Mama. Hajambo. Amepata kazi ya heshima. Amenenepa."

"Na baba yako?"

"Baba sikumwona. Wanasema amekaa."

Mama aliitikia kwa kichwa mara kadhaa. Alisema kwamba juzi shavu lake lilipata joto kweli kweli, kuliko siku zote, akajua tu kwamba wanamkumbuka. Akamimina uji kwenye bakuli, akampa. Kazija akanywa.

Ua wa Mawandani ni wa makuti, na makuti hayana siri. Kabla bakuli halijaisha alisikia upande wa pili Mize anacheka, kile kicheko chake cha kutikisa paa, anamwambia mtu kwamba Faki yule, Faki asiyeonekana hata akisimama mlangoni, kumbe kule amenenepa. Halafu kicheko kikakoma, zikasikika nguo zinakung'utwa. Kazija alijua sauti ile. Ni sauti aliyoisikia chumbani kwa Faki siku aliyotoka, na sauti ya mtu anayefunga mzigo haifanani na nyingine.

Aliweka bakuli chini akatoka. Alimkuta Mize amepiga magoti juu ya kanga iliyotandazwa, anapanga vitu vyake, uso umejaa matumaini, mwanamke mwepesi hata magoti yake hayajaacha alama mavumbini. Mize alimchangamkia. Alimwuliza njia ikoje, na kama ni kweli kwamba mtu akifika hupokewa siku hiyo hiyo.

Kazija alisimama juu yake, akatazama ua wa makuti. Upande wa pili mwiko wa Mama ulikuwa unagonga sufuria, polepole, kama kawaida yake. Alitamani kusema kwa sauti ya chini, ila makuti ni makuti.

"Fungua huo mzigo, Mize," alisema. "Fungua, ukae, nikwambie. Baba nimemwona."

Upande wa pili wa ua, mwiko ukaacha kugonga.